Nyayo Zako Zilivyopinda

Lodwar, mwezi wa nne, 2013

Ewoi, mtoto wa dada yangu,

Ni mimi mjomba wako Lokol, fundi wa redio, fundi wa sola, fundi wa betri, fundi wa kila kitu chenye waya kutoka hapa Lodwar mpaka mpaka wa Sudan. Mwandiko wangu unaujua. Shule niliachia darasa la sita, na si kwa ujinga, ni mwalimu aliona namaliza maarifa yake akaanza kuniogopa. Nilikuambia hiyo ukiwa mdogo, ukacheka mpaka ukakohoa. Leo nimeiandika tena na hakuna wa kukohoa, basi sijui kama bado ni hadithi.

Una miezi minne chini. Wacha nikupe kwanza habari za huku juu.

Mvua ilikuja mwezi uliopita ikasogeza mawe ya kaburi lako. Niliyarudisha peke yangu, jiwe moja moja, mawe ambayo vijana watatu wangeyazunguka tu wakitukana. Sawa, wawili. Mama yako yuko, lakini amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya shanga. Kila Jumamosi ananiletea simu yako pale kibandani niichaji. Hampigii mtu. Hakuna anayepiga. Mimi naichaji mpaka inajaa, ananyoosha mkono, nampa, anaenda.

Mkeo Asekon hayuko hapa. Hiyo ndiyo habari iliyonifanya nishike kalamu, lakini siwezi kuanza nayo. Mjomba wako anajua kuzunguka kabla ya kufika. Utanivumilia.

Ewoi, wewe hukuona mwisho wa mambo yako. Wacha nikueleze tulivyoyaona sisi.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Krismasi. Gari la wale wakandarasi wa mafuta uliokuwa unawafanyia kazi liliwaharibikia mashariki ya Lokichar, kwenye njia ile ya kupimia ardhi ambayo hakuna mtu anapita. Mlikuwa wanne, na simu hazishiki. Dereva wenu Wafula, yule wa kutoka Kitale, alisema tukae hapa na gari, watatutafuta. Wewe ukasema utatembea mpaka vijiji vya kando ya ziwa ulete watu, na utatembea usiku kwa sababu mchana jua lingekuua. Ukabeba chupa moja. Kesho yake mchana gari lingine likawapata wale watatu, wazima, wanalalamika njaa. Wewe tulikupata siku ya tatu.

Ulikuwa kwenye laga, ule mto mkavu usio na jina, chini ya mgunga. Ulikuwa umechimba mchanga kutafuta maji. Ulichimba shimo la kufika begani, Ewoi. Kucha zako sitaziandika hapa. Nilizisafisha mimi kabla mama yako hajafika, hilo si majivuno, ni mimi kweli.

Wazee wawili wa kufuata nyayo walizisoma nyayo za akala zako za tairi kuanzia kwenye gari. Na hapo ndipo penye neno. Walisema ulitoka vizuri, moja kwa moja kuelekea ziwani, hatua za mtu anayejua anakokwenda. Mwendo mrefu hivyo. Halafu nyayo zikaanza kupinda. Zikaacha mashariki zikashika upande wa Lodwar, kaskazini. Mahali fulani penye mawe ulizunguka zunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Kutoka pale zikapinda tena, zikarudi magharibi, jangwani, hatua zilezile za mtu anayejua anakokwenda. Mzee mmoja alichora mchangani kwa fimbo, ikatoka kama upinde. Akasema, "Mtu aliyepotea hatembei hivi. Aliyepotea anayumba. Huyu alikuwa anaitwa."

Neno hilo liliingia mtaani kabla ya mwili wako.

Alikuwa anaitwa, na nani? Watu wakakumbuka kwamba asubuhi ile Asekon aligombana na wewe kwenye simu, kwa sababu ya likizo uliyokuwa unaahidi na huji. Alipiga kelele pale nje, majirani wote wanasikia: "Basi usirudi! Kaa na hayo mafuta yako!" Neno la mke yeyote aliyechoka. Mke wangu ameniambia hivyo mara mia, nikarudi nikakuta chakula. Lakini wewe hukurudi, na nyayo zako zilipinda kama upinde, na watu wanataka kila kitu kiwe na mwenyewe.

Mwezi wa kwanza mama yako alimfukuza. Alimwambia, "Mdomo wako ulimgeuza mwanangu njia." Asekon akaondoka na mtoto mgongoni, kichwa kimenyolewa, akaenda kwa baba yake kule Kalokol kwenye ghuba ya ziwa, anakausha samaki. Mtoto wako hajui kutembea bado na tayari anaitwa mtoto wa mchawi.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu. Sikumtetea.

Na kuna kingine nilichofanya. Siku ya mazishi, Wafula alisimama mbele ya watu akasema, "Ewoi alituambia tusiogope. Alisema mjomba wake alimfundisha kutembea usiku kwa nyota." Macho yote yakanigeukia. Nikajibu haraka, haraka kuliko nilivyowahi kujibu kitu: "Mimi nilimwambia mtu akiharibikiwa akae na gari!" Wafula akaniangalia, akaangalia chini, akakaa. Mgeni hawezi kubishana na mjomba kwenye kaburi.

Sasa nikupeleke Kakuma.

Baada ya uchaguzi niliitwa kambini. Kuna mwalimu Mkongo anaitwa Byamungu, anafundisha sayansi kwenye shule ya wakimbizi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilikuwa nimewatengenezea kanisa lao vipaza sauti, vikanguruma mpaka Wasomali wa mtaa wa pili wakaja kuuliza kuna nini. Kwa hiyo jina langu lilikuwa limefika. Wageni fulani walimwachia darubini ya kutazamia nyota, Ewoi, lakini si bomba la mchezo. Ilikuwa na mota ndani, na kidude cha mkono chenye vitufe, unakiambia nataka kitu fulani huko mbinguni, bomba linazunguka lenyewe, nguuu, linakwenda kukitafuta. Ingekupendeza sana wewe.

Ila ilikuwa imekufa. Byamungu akaniambia, "Papa, wanasema we unafufuaka vitu." Nikamwambia, "Mwalimu, wewe leta tu. Mimi nimetengeneza redio ya mkuu wa polisi macho yakiwa yamefungwa." Sijawahi kugusa redio ya mkuu wa polisi. Lakini tatizo niliona mara moja, waya ulioza kwa jasho la betri mbovu. Nikaunga, nikaileta betri ya gari niliyoihuisha mwenyewe kwa mkono wangu, nikamwambia hii itakupa siku tatu mfululizo. Tukaiweka nyuma ya darasa, jua likiwa limetoka kuzama. Miguu yake mitatu niliisawazisha kwa pima maji, hapo mwalimu akanisifu.

Bomba kama hilo linaamka halijui liko wapi. Ni kama mtu aliyetoka kuzirai. Lazima ulipe mahali, ulipe tarehe, ulipe saa. Saa niliandika mimi, saa moja na nusu, kama saa ilivyokuwa. Likazunguka likauelekeza mdomo kwenye mchanga. Byamungu akacheka, "Papa, mashine haihesabuake kama shie." Tukaandika saa ya Kizungu. Halafu ndipo kazi yenyewe: unalionyesha nyota mbili unazozijua kwa jina, unaziweka katikati ya kioo moja baada ya nyingine, unabonyeza. Likishazijua hizo mbili, linaijua mbingu yote iliyobaki. Ukilidanganya kwenye hizo mbili, kila kitu kitakachofuata ni uongo, na lenyewe halijui. Linakwenda kwa uhakika tu, nguuu, mahali pasipo na kitu.

Mashine ikaandika jina la nyota ya kwanza, Siriusi. Byamungu akafungua kitabu chake, "Inasema iko nyota yenye kung'aa kupita nyota zote." Nikamwambia funga kitabu, mbele yako yuko mtu aliyevuka jangwa kwa nyota. Nikamwonyesha ile. Unaijua ile, Ewoi, nyeupe, kubwa, haikonyezi. Jioni ile ilikuwa juu upande wa magharibi, karibu na kilimia. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo mama yao." Tukaiweka katikati, tukabonyeza. Tukachagua ya pili, chini upande wa kusini. Mashine ikakataa. Tukarudia. Ikakataa. Mara ya tatu ikakubali kwa shingo upande, tukaiomba itupeleke kwenye kilimia, ikatuonyesha giza. Mimi nikaanza kuitukana, nikasema Wazungu waliifunga vibaya.

Byamungu hakubishana. Aliirudisha kwa mkono kwenye ile nyota yangu, akainama akaangalia. Akasema taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa, "Papa, ile haiko nyota. Kuja uone."

Nikaangalia. Ilikuwa duara, Ewoi. Kama sarafu ndogo, na mistari miwili hafifu tumboni, na vinukta vinne pembeni vimejipanga kama ndama. "Ni sayari," akasema, "ni Mshtarii. Hii haikaake na nyota zingine. Mwaka hii iko hapa, mwaka kesho iko kwingine. Hauwezi kuipangia darubini." Kumbe Siriusi ilikuwa nyingine, nyuma ya bega langu, inakonyeza wakati wote.

Hata hapo sikuwa nimeumia. Nilikuwa nimekasirika tu, kama fundi aliyekosea mbele ya mteja. Tukaanza upya, tukaipa Siriusi ya kweli na ile ya kusini. Ikakubali mara moja. Kilimia kikaja kimejaa kioo, vinyota kama chumvi iliyomwagika. Byamungu akapiga makofi. Tukarudi kwa ile sayari, nikasema niitazame vizuri. Na mimi nikiwa nimeinama, jicho kwenye kioo, betri yangu ya siku tatu ikafa. Ilikuwa haijamaliza saa moja.

Mota ikanyamaza. Na ile nyeupe ikaanza kuondoka.

Ilikwenda polepole, kutoka katikati kuelekea ukingoni. Nikasema, "Mwalimu, bomba linateleza, kaza skrubu." Akashika miguu, akashika bomba, akasema, "Bomba iko imesimama, Papa." Nikaangalia tena. Ikafika ukingoni, ikakatika nusu, ikazama. Kioo kikabaki cheusi. Nilikuwa sijapumua hata mara kumi.

Nikamuuliza, "Hii tu ndiyo inafanya hivyo?"

"Zote. Dunia iko nazunguka. Mota ndiyo ilikuwa naifuata, ndiyo maana uliona imesimama. Ile yenye inatoka mashariki jioni, katikati ya usiku iko juu ya kichwa, asubuhi iko magharibi. Kama jua tu, Papa. Haukujua?"

Aliuliza bila dharau. Mchunga mbuzi yeyote wa huku anajua. Mama yako anajua. Mimi nimekua mjini, chini ya taa ya kibanda changu, na wewe umekua mjini na ukasomea Kitale, na kati yetu wawili hakuna aliyewahi kukesha nje akiangalia.

Nikakaa chini pale mchangani. Byamungu alidhani ni kisukari.

Kwa sababu niliuona upinde, Ewoi. Ule aliouchora mzee kwa fimbo. Mwezi ule wa kumi na mbili nyota yangu ilikuwa inachomoza upande wa ziwa giza likiingia, niliiona mwenyewe kutoka Lodwar. Uliielekea, na ulikuwa sawa. Ikapanda ikielekea upande wa Lodwar, ukapinda nayo. Ikafika karibu na utosi, ikakosa upande, ndipo ukazunguka kwenye yale mawe. Ikaanza kushuka magharibi, ukaifuata magharibi. Hukuyumba. Ulikuwa unatii. Ulipita kaskazini ya gari lenu, wazee walisema, si mbali, honi ingekufikia.

Na najua kwa nini hukusimama hata ulipohisi kwamba jangwa limegeuka. Ni mimi niliyekuambia. Ulikuwa na miaka saba, ukaniambia nirudie, nikarudia, kila mwaka nikiongeza chumvi: kwamba nilitoka Lokichar mpaka ziwani usiku mmoja, kwamba simba alinifuata nikamgeukia nikampiga kofi, kwamba ile nyota kubwa haiondoki mahali pake tangu Mungu alipoipigilia. "Hata miguu ikikataa, hata moyo ukikuambia umepotea, usiiache nyota." Hayo ni maneno yangu. Nilikuwa nayasema nikiwa nimesimama, mkono juu.

Sikutembea, Ewoi.

Nilipanda lori lililokuwa linakwenda Kalokol kuchukua samaki, tupu, mimi na utingo wake chini ya turubai. Nililala njia nzima. Nilipoamka kulikuwa kumekucha na nasikia harufu ya ziwa. Hakukuwa na simba. Hakukuwa na nyota, turubai lilifungwa kwa sababu ya vumbi.

Sijui mtu anaandika nini baada ya mstari kama huo. Nimekaa na hii karatasi tangu asubuhi.

Nilirudi Lodwar nikakaa siku tisa bila kusema. Nilijiambia, ukisema utamfufua? Nilijiambia jina langu ndilo duka langu. Nani atamletea redio fundi wa uongo? Jumamosi mama yako akaja na simu. Nikaichaji, ikajaa, akanyoosha mkono. Sikumpa. Nikamwambia, "Dada, kaa."

Nilimwambia yote, bila simba. Nilimchorea chini kwa bisibisi, huku mashariki, huku utosi, huku magharibi. Hakulia. Alikuwa anaangalia mchoro. Mwisho akauliza swali moja tu: "Mpaka saa ngapi alikuwa anaelekea ziwani?"

Nikasema, "Saa nne. Labda saa tano."

Akasema, "Kwa hiyo mpaka saa tano mwanangu alikuwa anakuja."

Nilitamani anipige. Mama yako ana mkono, unajua. Alisimama, akachukua simu, akajifunga shuka vizuri. Akasema, bila kuniangalia, "Nimemtoa mtoto wa watu nyumbani kwangu amenyolewa kichwa. Wewe ulikuwa umekaa pale." Nikasema ndiyo. "Utakwenda kumleta. Utasema mbele ya baba yake na kaka zake wote, na mbele ya wale wanawake wa samaki waliosikia jina baya. Na Lokol, ukifika huko usianze kusimulia. Sema tu." Halafu akaenda. Tangu siku hiyo hajaniita kaka. Simu sasa anaichaji kwa yule kijana wa karibu na kituo cha mafuta.

Sikulaumu kwamba uliniamini. Nataka hilo liandikwe. Wengine wote walinisikiliza wakacheka, ni wewe tu uliyesikiliza ukaweka akiba. Na Asekon hakukugeuza njia. Kama huko uliko umemkasirikia kwa neno lake la asubuhi, mwachie. Neno lake halikufika popote. Langu ndilo lililokuongoza.

Kesho kuna gari la Kalokol saa mbili asubuhi. Nimepata nafasi, nitakaa ndani kama watu wengine. Kaka zake Asekon ni wanne na hawana mzaha, wavuvi hao, mikono yao ni ya kuvuta nyavu. Wakitaka kunipiga nitawaacha wamalize kwanza. Halafu nitamgeukia mkeo, nitamwambia mama mkwe anakuita nyumbani, na kama atakataa kurudi atakuwa na haki, nami nitakwenda kila mwezi kurudia yaleyale mbele ya yeyote anayemwita binti yako mtoto wa mchawi, mpaka ghuba yote ijue ni nani aliyekuua.

Nakuahidi hivyo, mtoto wa dada yangu. Ahadi zangu unazijua zilivyo, kwa hiyo hii nimeiandika, na nitamwachia mama yako karatasi hii kabla ya kupanda gari, ili nisipate pa kuirefushia wala kuipunguzia.

Lala, Ewoi. Usinisubiri nikwambie iliyo tamu.

Mjomba wako,
Lokol